Kioo cha laptopu kimepasuka: kimevunjika kipi, na nani alipe?

Langoni, mtaa wa hapa kwetu Amu, yaani Lamu, kuna vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana, mmoja hujibanza ukutani. Akipita punda mwenye shehena, hujibanza wote wawili. Humo ndimo binti wa dada yangu alimokutwa Jumamosi moja asubuhi, mkoba mgongoni, na ndani ya mkoba laptopu aliyoiazima kwa binamu yake ili amalizie kazi ya chuo. Punda alibeba magunia ya mchanga wa ujenzi. Kijana aliyekuwa akimwongoza anasema alipaza "Simila!", yaani "Pisha njia!", mara mbili. Binti yetu anasema hakusikia, kwa kuwa alikuwa na vipokea sauti vya simu masikioni. Gunia likamsukuma, mkoba ukagota kwenye ukuta wa mawe. Yeye hakuumia, alhamdulillahi. Alipofika nyumbani na kuifunua kompyuta, alikuta doa jeusi kama wino uliomwagika pembeni mwa kioo, na mistari ya rangi imeshuka kutoka juu hadi chini.

Jioni ile barazani kila mtu alikuwa na jibu lake. Mmoja alisema ina garantii ya miezi sita, irudishwe dukani Mombasa ilikonunuliwa. Wa pili akasema aliyeazima ndiye alipe, hakuna mjadala. Wa tatu akataka mwenye punda aitwe usiku uleule. Shemeji yangu akamalizia: "Kwani si kioo tu? Kabadilisheni kile cha juu, kama cha simu."

Majibu hayo manne nimeyasikia mara nyingi, katika nyumba nyingi. Kila moja lina kipande cha ukweli kilichofungwa pamoja na kosa, na kosa lenyewe huwagharimu watu pesa, na wakati mwingine undugu. Tatizo ni kwamba maswali mawili huulizwa kwa pumzi moja. La kwanza ni la fundi: kimevunjika nini hasa? La pili ni la haki: nani alipe? Watu huruka la kwanza na kugombana juu ya la pili, huku hakuna ajuaye gharama wanayoigombania ni ya kitu gani.

Nianze na la shemeji. Simu nyingi zina kioo cha nje cha kinga, na skrini yenyewe iko chini yake. Kioo cha nje kikipasuka na picha ikabaki nzima, fundi mwenye vifaa anaweza kukibandua na kuweka kingine. Laptopu ya kawaida, ile isiyoendeshwa kwa kuguswa kidole, haina kioo hicho. Unapoifuta vumbi unaigusa skrini yenyewe, ambayo mafundi huiita paneli. Hakuna "cha juu" cha kubadilisha.

Paneli ni vioo viwili vyembamba, kila kimoja hakifiki unene wa milimita moja, vilivyobanwa pamoja huku vimeachiana nafasi ya mikromita 3 hadi 5 tu. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko nafasi hiyo mara kumi na zaidi. Humo ndani kuna kioevu maalumu, na kioevu hicho hakitoi mwanga wowote. Mwanga hutoka kwenye mstari wa taa ndogo za LED zilizopangwa ukingoni, kwa kawaida upande wa chini, kisha karatasi za plastiki zilizo nyuma ya vioo huusambaza sawasawa. Kioevu kinafanya kazi ya pazia: umeme ukikiamuru, kinapitisha mwanga au kinauzuia. Skrini ya nukta 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600, na kila nukta ina sehemu tatu, nyekundu, kijani na buluu. Hayo ni mapazia zaidi ya milioni sita, na kila moja lina swichi yake ya transista iliyotandazwa juu ya kioo.

Ukilifahamu hilo, utaweza kuusoma mpasuko wenyewe. Mistari ya rangi maana yake njia za umeme zilizo juu ya kioo, au viungo vyake vya pembeni, vimekatika. Doa jeusi maana yake ile nafasi kati ya vioo imefunguka na kioevu kimehama. Ndiyo sababu doa linaweza kutanuka siku hadi siku hata kama hukuigusa kompyuta tena. Hakuna gundi wala joto linaloweza kurudisha njia hizo mahali pake. Paneli iliyopasuka haitengenezwi, inabadilishwa. Anayekuahidi vinginevyo usimwachie pesa.

Laptopu za kugusa kwa kidole ni habari nyingine, kwa kuwa nyingi kioo chake kimegandishwa na paneli na hununuliwa pamoja kwa bei ya juu zaidi. MacBook za skrini ya Retina, zilizoanza 2012, kwa kawaida hubadilishwa skrini pamoja na mfuniko wake mzima, na ndiyo maana bei yake humshtua mtu aliyezoea laptopu nyingine.

Kabla ya kuagiza chochote, hakikisha kwamba paneli ndiyo mgonjwa. Chukua waya wa HDMI, unganisha laptopu na televisheni ya nyumbani, kisha kwenye Windows bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi P, uchague picha itokee nje. Picha ikiwa safi kwenye televisheni, basi madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, ni mzima na kazi zako zote zimo salama. Mpasuko wa skrini haugusi mafaili hata kidogo. Binti yetu alikuwa akilia kwa ajili ya kazi yake ya chuo, na waya mmoja wa HDMI ulimnyamazisha. Aliimalizia kazi hiyo juu ya televisheni ya nyanya yake, kabla hatujafikiria habari ya fundi.

Skrini ikiwa nyeusi kabisa na haina ufa, washa tochi uiinamishe karibu na kioo. Ukiona picha hafifu ndani ya giza, picha ipo ila taa za nyuma haziwaki, na kosa linaweza kuwa la waya au la fyuzi ndogo iliyo kwenye madabodi. Picha ikija na kupotea unapousogeza mfuniko, tazama waya unaopita kwenye bawaba. Laptopu za Dell zina jaribio lake: shikilia herufi D huku ukiiwasha, na skrini nzima itajazwa rangi moja baada ya nyingine. Nimeona watu wakinunua paneli mpya kumbe kilicholegea ni waya.

Sasa kuagiza, ambako kwa sisi wa kisiwani kosa ni ghali. Kosa la kawaida ni kumwambia muuzaji wa Mombasa au Nairobi, "Nataka skrini ya HP ya inchi kumi na nne." Hiyo haitoshi. Kampuni moja hutumia paneli za viwanda mbalimbali hata ndani ya modeli ileile. Namba unayoitaka iko nyuma ya paneli yenyewe, na huioni mpaka fremu ya mbele itolewe. Ikianza na B140 au B156 imetoka AU Optronics, NT156 ni ya BOE, LP156 ni ya LG, na tarakimu hizo ni kipimo cha skrini: 140 ni inchi 14.0 na 156 ni inchi 15.6. Halafu kuna pini za kiunganishi, 30 au 40. Pini 30 ndizo za laptopu nyingi za kawaida za miaka ya karibuni. Za 40 hukutwa kwenye paneli za zamani, kwenye baadhi ya paneli za kugusa, na kwenye za michezo zenye kasi kubwa ya picha. Hazibadilishani. Tazama pia masikio ya chuma ya kufungia skrubu, maana paneli mbili zinaweza kufanana kwa kila kitu isipokuwa masikio hayo, na ile isiyo nayo haikai ndani ya mfuniko wako. Piga picha ya lebo na ya kiunganishi, mtumie muuzaji, umwombe naye akupigie picha ya ile atakayoipakia. Paneli yenye namba isiyo yako itapanda basi hadi Mokowe, itavuka maji hadi Amu, na itarudi njia hiyohiyo kwa nauli yako.

Kuifunga si kazi ndefu kwa mwenye mkono, ila ipo hatua moja ambayo haisameheki. Betri itolewe au ichomolewe kwenye madabodi kabla waya wa skrini haujaguswa. Kiunganishi kikiingizwa upande huku umeme upo, ule mkondo wa taa za nyuma unaweza kuruka pini na kuunguza fyuzi, na kazi ya nusu saa ikageuka kazi ya madabodi. Paneli mpya ijaribiwe kwanza kabla ya kubandikwa na kufungwa. Tena tuna adui wetu wa pwani, chumvi. Hewa yetu ina unyevu wa bahari mwaka mzima, na kwenye laptopu iliyokaa karibu na dirisha nimeona pini zimeota kutu ya kijani. Mwambie fundi akisafishe kiunganishi kwa spiriti safi na brashi laini kabla ya kukirudisha. Bawaba nazo azitazame. Bawaba ngumu huukunja mfuniko kila unapofunguliwa, na paneli mpya itapasuka pembeni bila punda wala ukuta.

Jambo jingine ambalo watu hawaambiwi: kubadilisha skrini hakuhitaji nywila yako. Fundi akiona ukurasa wa kuingilia umetokea vizuri, ameona anachohitaji kuona. Usimwandikie nywila kwenye kikaratasi.

Nije kwenye pesa, na neno lililoanzisha mzozo barazani: garantii. Garantii, au waranti, ni ahadi ya aliyetengeneza au aliyeuza juu ya kazi yake mwenyewe. Anasema kitu hiki kimetoka kwetu kizima, na kikiharibika kwa ubovu wake, tutakitengeneza. Mstari unaojitokeza wenyewe kwenye skrini ambayo haijawahi kugongwa unaingia humo. Gunia la mchanga haliingii, wala kikombe cha kahawa, wala kalamu iliyosahauliwa juu ya vitufe mfuniko ukafungwa. Hiyo ni ajali, na kumdai muuzaji alipie ajali isiyomhusu ni kumwonea. Kumrudishia ukisema "ilijizimia tu" ni uongo, na tena uongo usiofika mbali, kwa sababu pigo huacha kitovu: nyufa husambaa kutoka mahali pamoja kama utando wa buibui, na fundi yeyote hulitambua.

Ajali ina mkataba wake wa kando. Dell, HP na Lenovo huuza kinga ya uharibifu wa bahati mbaya mbali na waranti ya kawaida, na Apple ina AppleCare+. Kinga hizi hununuliwa kabla ya ajali, na kwa kawaida hushughulikia kuanguka na kumwagikiwa, si kupotea wala kuibiwa ila mkataba uwe umesema hivyo. Hata ukiwa nayo, si lazima utengenezewe bure. Marekani, kwa mfano, mwenye AppleCare+ ya Mac kwa kawaida hulipa dola 99 kila anapobadilishiwa skrini. Sehemu hiyo unayobeba mwenyewe ipo karibu kila mahali, na ni ya haki, kwa sababu bila hiyo watu wangeacha kuangalia vitu vyao.

Kwa laptopu ya mtumba, kama ile ya binamu, kinga ya kiwandani aghalabu imeshapita au haikuwapo. Njia iliyobaki ni bima. Bima za vifaa vya nyumbani hapa Kenya zinaweza kuwa na kifungu cha vitu vinavyobebeka, laptopu na kamera, vikiwa ndani au nje ya nyumba, ukivitaja kwa namba na thamani. Anayeona ugumu wa bima ya kawaida kwa sababu ya dini anaweza kuuliza takaful, ambayo wanachama huchangia mfuko wa kusaidiana. Mkataba ukiwa nao, toa taarifa mapema, piga picha, na usitengeneze kabla hujaruhusiwa. Paneli iliyovunjika usiitupe, ndiyo shahidi wako.

Sisi hatukuwa na bima. Kwa hiyo likabaki lile swali la nani.

Kwanza ni azima. Pwani tunayachanganya maneno mawili ambayo fiqhi, elimu ya sheria ya Kiislamu, imeyatenganisha kabisa. Amana ni kitu ulichoachiwa ukitunze kwa faida ya mwenyewe. Kikiharibika bila uzembe wako, huna deni. Azima ni kitu ulichokichukua kwa faida yako, na katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu, aliyeazima hudhamini kikiharibika nje ya matumizi aliyoruhusiwa, hata kama hakuzembea. Kwa hiyo aliyesema barazani kwamba binti yetu alipe alikuwa na hoja nzito. Sheria ya nchi inalitazama zaidi upande wa uangalifu: je, alikitunza kama mtu makini angekitunza?

Lakini deni la binti kwa binamu halimfutii deni mwenye punda. Ni madeni mawili, na hapo ndipo baraza lilipokwama kwa saa nzima, kila mtu akidhani mlipaji lazima awe mmoja. Maulamaa wa Kishafii hawakuiona laptopu, ila mzigo juu ya mnyama katika njia nyembamba waliujua vizuri sana. Anayeongoza mnyama hubeba alichokiharibu mnyama huyo. Kisha wakaingia ndani zaidi: mwenye mzigo wa kuni akiingia sokoni penye msongamano na mali ya mtu ikaharibika, analipa. Pasipo msongamano, nguo ya mtu ikararuka, halipi, isipokuwa mwenye nguo ni kipofu au amempa mnyama mgongo, kwani hao ni lazima waonywe. Na mwenye mali akijiweka mwenyewe mbele ya mnyama, dai lake hudondoka. Maalimu mmoja aliponisomea hayo, nililisikia neno letu kwa sikio jipya. "Simila!" ndilo onyo lenyewe. Binti yetu alikuwa amempa punda mgongo, kijana alionya, na vipokea sauti vililifungia onyo nje. Mahakama za Kenya nazo zinaweza kugawanya kosa kati ya pande mbili pale ambapo aliyeumia naye alichangia.

Wapo waliosema tupeleke kwa Kadhi. Siyo kazi yake. Kifungu cha 170 cha Katiba kinaipa Mahakama ya Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Dai la mali iliyoharibiwa, lisilozidi shilingi milioni 1, ni la Mahakama ya Madai Madogo iliyoundwa kwa sheria ya 2016, na sheria inataka liishe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Pasipo na mahakama hiyo, huenda kwa hakimu. Lakini Katiba hiyohiyo, Kifungu cha 159, inahimiza suluhu na upatanishi, na kwa laptopu moja kati ya majirani, suluhu ndiyo njia niliyoipigania.

Ingekuwa laptopu ya kazini, ningesema kwa sauti ya juu zaidi, kwa sababu hapa watu huonewa. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa mali iliyoharibiwa, lakini kiasi cha haki tu, na pale ambapo mfanyakazi alifanya kosa la kusudi. Bahati mbaya si kusudi. Tena makato yote kwa jumla hayaruhusiwi kupita thuluthi mbili za mshahara. Mwalimu au karani aliyeponyokwa na laptopu ya ofisi asitie saini karatasi ya kukatwa kabla hajakisoma kifungu hicho.

Na ikiwa aliyeipasua ni fundi, uliyempelekea vitufe ukarudishiwa ufa, Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya huduma ya kiwango kinachostahili na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro ya huduma. Haki hiyo huishi kwa ushahidi. Ninapompelekea fundi kompyuta huiwasha mbele yake, hurekodi video fupi ya skrini, na hulipa kwa M-Pesa ili tarehe ibaki. Fundi mwaminifu hachukizwi, kwa kuwa video hiyo humlinda yeye pia dhidi ya mteja aliyekuja na ufa mfukoni.

Tulikaa mara mbili. Paneli ilikuwa shilingi 7,500, usafirishaji 500, ufundi 1,500, jumla 9,500. Binti alikubali kwamba kwa binamu yeye ndiye mdaiwa, na kwamba kompyuta itarudi nzima kabla hajamdai mtu mwingine. Kijana mwenye punda alikubali kwamba magunia yalikuwa yamefungwa kwa upana kupita njia, akachukua 3,000 alipe kwa awamu tatu. Mzee mmoja alitaka kumsamehe kabisa kwa sababu ya hali yake. Kijana mwenyewe alikataa.

Paneli ilivuka kutoka Mokowe siku ya Alhamisi, imefungwa baina ya mbao mbili. Fundi aliijaribu kabla ya kuibandika, akasafisha pini, akailegeza bawaba ya kushoto iliyokuwa imekaza. Binamu alikuja kuichukua kompyuta yake, akaifungua na kuifunga mara mbili tatu, akaridhika. Awamu ya mwisho iliingia kwenye simu ya binti yetu kabla ya mwezi kuandama, shilingi 1,000 kamili.